Boti Inatoa Mvuke Nyuma? Fuata Maji Kabla ya Kufungua Hedi

“Fundi, boti inatoa moshi mweupe nyuma na geji inapanda. Si hiyo ni gasketi ya hedi?”

Swali hili nimeulizwa Dunga, nimeulizwa Usoma, fukwe za Ziwa Victoria hapa Kisumu, na nimeulizwa kwa simu na mtu aliye katikati ya maji kati ya Asembo Bay na Homa Bay, injini yake bado ikinguruma nyuma ya sauti yake. Jibu langu ni lile lile: zima kwanza, halafu tuongee. Na gasketi, ule utando unaoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na mwili wa injini, usiikimbilie. Mara nyingi sana shida iko kwenye njia ya maji, na njia hiyo unaweza kuikagua mwenyewe kwa ndoo, bisibisi na nusu siku ya subira. Kufungua hedi ni kazi ya pesa nyingi, na hedi ikishafunguliwa bila sababu, unanunua gasketi mpya hata kama ya zamani ilikuwa nzima.

Mwongozo huu ni wa injini ya ndani, ile inayokaa kwenye sanduku lake ndani ya boti na kutoa moshi pamoja na maji kupitia bomba la nyuma. Wenye injini ya kuning'inia nyuma nao nimewawekea sehemu yao fupi huko chini.

Maji yanavyopita

Injini nyingi za namna hii zina maji mawili. Ya kwanza ni maji ya ziwa: pampu inayavuta kupitia tundu lililo chini ya boti, yanapita kwenye chujio, yanaingia kwenye kipozeo (lile bomba nene lenye mirija myembamba ya shaba ndani), kisha yanamwagika ndani ya kiwiko cha ekzosi (kipande cha bomba la moshi kilichopinda), yanachanganyika na moshi wa moto na kutoka nao nyuma. Ya pili ni kulanti, yaani maji ya kupozea yanayojazwa kwenye injini, inayozunguka ndani ya injini bila kutoka nje, na kupozwa na maji ya ziwa pale kwenye kipozeo. Injini nyingine, hasa za zamani, hazina kulanti kabisa. Maji ya ziwa hupita moja kwa moja ndani ya bloku, yaani mwili wa injini.

Maji ya ziwa yakipungua, yale machache yanayofika kwenye kiwiko hushindwa na joto la moshi, yanageuka mvuke. Lita moja ya maji ikiwa mvuke hujaza nafasi ya karibu lita 1,700. Ndiyo maana upungufu mdogo tu hutoa wingu la kutisha.

Kumbuka pia tuko wapi. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Tena maji tunayovuta ni ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 24 na 28. Ukisoma kitabu kilichoandikwa na mtu wa nchi za baridi, yeye anavuta maji baridi kuliko yako. Injini yako ina nafasi ndogo zaidi ya kuvumilia uchafu kwenye mirija.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ndoo ya lita 20 iliyo na alama za lita, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Pipa la lita 200 lililojaa maji safi, na mtu wa kuongeza maji.
- Spana, bisibisi, plaizi yenye mdomo mrefu, tochi.
- Impela mpya (kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji ndani ya pampu) na gasketi ya kifuniko cha pampu. Usianze kufungua pampu kabla hujazipata.
- Glisarini, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Vizibo vya mbao laini vya kutosha tundu la maji, vikiwa karibu na mkono.
- Kipimajoto cha bastola cha viwandani. Zile bastola za kupima homa zilizokuwa milangoni wakati wa Korona hazifai, kwa kuwa zimeundwa kwa joto la mwili tu.
- Kijiti kirefu cha mbao au waya wa shaba, sufuria na jiko.
- Kitabu cha injini yako, au angalau namba iliyo kwenye kibati chake.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mvuke, si moshi

Simama nyuma ya boti utazame wingu linavyokufa. Mvuke ni mweupe safi, unapaa na kupotea mita chache tu kutoka kwenye bomba, na hauna harufu ya mafuta. Moshi mweupe wa dizeli ambayo haijaungua hulala juu ya maji, huwasha macho, na huacha utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya ziwa. Hiyo ni shida ya mafuta au nozeli (kinachonyunyiza dizeli ndani ya silinda), na mwongozo huu hautakusaidia. Moshi wa bluu ni oili. Mweusi ni injini kuzidiwa mzigo au kukosa hewa. Wingu jeupe lenye harufu tamu tamu linamaanisha kulanti inaungua ndani ya silinda. Ukilipata hilo, ruka hadi hatua ya 10.

Saa kumi na mbili asubuhi, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku, boti nzima kabisa hutoa ukungu mwepesi. Ukipotea jua likishapanda, na geji ikiwa imetulia, funga sanduku uendelee na safari yako.

Hatua ya 2: Amua, kuzima au kupunguza

Sikiliza bomba. Maji yakitoka vizuri, mlio wake ni wa kutema, mafungu kwa mafungu. Yakikosekana, mlio unakuwa mkavu, mzito, kama lori lililotobolewa mofla. Ukisikia hivyo, au ukitazama usione maji, zima sasa hivi. Maji yakiwa bado yanatoka na geji imepanda kidogo tu, punguza mafuta, weka gia fri, uiache ingurume taratibu dakika chache ipoe, ndipo uzime.

Tia nanga kabla injini haijanyamaza ukiwa na nafasi hiyo. Upepo wa alasiri hapa Ghuba ya Winam hausubiri fundi amalize. Abiria wote wavae laifu jaketi.

Injini ikiwa moto, usifungue kifuniko cha kulanti, itakurukia usoni. Usiimwagie maji baridi pia, kwa kuwa chuma cha moto kikimwagiwa maji hupasuka, na hapo gasketi uliyoiogopa itakuwa shida ndogo. Ukisikia harufu ya mpira ulioungua, toa watu wote wakae mahali pa wazi: hosi ya ekzosi imeanza kuharibika, na gesi inayovuja kwenye moshi inaua bila harufu wala rangi.

Hatua ya 3: Anza ziwani, kwenye tundu la maji

Adui wa kwanza hapa kwetu ni gugumaji. Tangu miaka ya 1990 limetuzoesha kubadilisha njia, ila wengi hawajui linavyoziba. Si jani linaloziba, ni mzizi. Ng'oa mmoja uutazame: mweusi, wenye nyuzi laini kama manyoya ya kuku aliyelowa. Unakatika vipande vidogo, unapita kwenye wavu wa tundu la chini, halafu unajifuma ndani ya koki, bomba la kufungia maji lililo juu ya tundu, kama uzi kwenye cherehani. Mwingine ni mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tangu Agosti 2017, ila ziwa bado linayo.

Mfuko una tabia yake: injini inachemka, unazima, mvuto unakwisha, mfuko unaachia na kuzama. Unawasha, kila kitu kiko sawa, hadi ukutane na mwingine. Shida ikija na kuondoka hivyo, sababu iko nje ya boti.

Kukagua: funga koki, na kwanza hakikisha kwamba inafunga kweli. Legeza klipu, chomoa hosi juu ya koki. Kizibo kiwe mkononi. Fungua koki kidogo kwa sekunde mbili. Maji yanapaswa kuruka kwa nguvu, yamejaa upana wa tundu. Yakichuruzika tu, ingiza kijiti polepole usukume uchafu nje.

Ukilazimika kumtuma mtu majini, aingie na funguo ya injini mfukoni mwake, si mfukoni mwako. Asiingie karibu na matete ya Dunga au Hippo Point jua likiwa linazama, kwa sababu ya viboko. Na maji ya ufukweni yana kichocho, kwa hiyo kujikausha vizuri mara tu akitoka si jambo la kupuuza.

Hatua ya 4: Chujio na hewa

Fungua chujio, lisafishe, kisha usifunge haraka. Tazama gasketi ya kifuniko. Pampu hii huvuta, na kitu kinachovuta hakivujishi maji nje, huingiza hewa ndani. Hutaona tone hata moja kwenye ngama, pale chini ndani ya boti, na bado boti inachemka. Kama kifuniko chako ni cha plastiki ya kuona ndani, mwambie mwenzako aongeze mafuta nawe utazame: ukiona mapovu yanapita, hewa inaingia. Paka vaselini kidogo kwenye gasketi na kwenye maungio ya hosi, moja baada ya jingine. Mapovu yakikoma, umepata.

Hosi yenyewe nayo ishike. Ikiwa laini kama ulimi wa ng'ombe, hujikunja ndani mizunguko ikipanda, inajifunga yenyewe, halafu hujifungua unapozima ili kukagua. Tafuta hosi ngumu yenye waya ndani. Hosi ya kumwagilia maua si ya kazi hii.

Hatua ya 5: Kipimo cha pipa na ndoo

Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo mzima, fanya hili. Koki ikiwa imefungwa, chomoa hosi na uitumbukize ndani ya pipa la maji safi. Washa injini, iache ingurume taratibu. Mwenzako aongeze maji. Pipa la lita 200 huisha upesi kuliko unavyodhani.

Maji yakitoka kwa wingi nyuma na geji ikatulia, shida iko chini ya hosi: tundu, wavu au koki. Yakiendelea kuwa machache, iko mbele: chujio, pampu, kipozeo au kiwiko. Kwa dakika tano umegawanya injini nzima vipande viwili.

Sasa pima. Kinga ndoo chini ya bomba la nyuma, mwenzako ahesabu sekunde. Lita 20 kwa sekunde 40 ni lita 30 kwa dakika. Linganisha na kitabu cha injini yako kwa mizunguko ile ile. Namba moja ya kufaa injini zote haipo. Kama huna kitabu, namba iliyo bora kuliko zote ni ya injini yako yenyewe ikiwa nzima. Pima leo kama haiumwi, uiandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha sanduku, pamoja na tarehe. Siku ikianza kutoa mvuke hutabahatisha.

Jingine: weka kiganja juu ya hosi ya ekzosi, baada ya kiwiko, si kabla. Kabla ya kiwiko ni chuma cha kuchoma. Baada yake inapaswa kuwa vuguvugu, kiganja kikae muda upendao. Ukikitoa kwa maumivu, maji hayatoshi. Ukitumia kipimajoto cha bastola kwenye chuma kinachong'aa, bandika kwanza kipande cha utepe mweusi na upime juu yake, la sivyo kitakudanganya.

Hatua ya 6: Impela

Funga koki. Fungua skrubu za kifuniko cha pampu, na kabla ya kuchomoa impela, angalia mabawa yamelala upande gani. Piga picha. Chomoa kwa plaizi mbili, moja kila upande, ukivuta sawasawa.

Kunja kila bawa kwa kidole gumba utazame shinani. Mpasuko mdogo pale shinani, hata wa upana wa ukucha, ni impela iliyokwisha. Mabawa yaliyobaki yamepinda yenyewe ukiwa umeyaachia nayo yamekwisha. Ncha zinazong'aa kama zimeyeyushwa zinakuambia pampu iliwahi kuzunguka kavu. Halafu jaribu lile ambalo wengi hawalijaribu: shika kitovu cha shaba kwa plaizi, zungusha mpira kwa mkono. Mpira ukiteleza juu ya shaba, gundi imeachia. Impela ya namna hiyo inaonekana mpya kabisa, shafti inazunguka, maji hayaendi popote.

Pitisha ukucha ndani ya kifuniko. Ukikwama kwenye mfereji, kifuniko kimelika. Vingine vinaweza kugeuzwa upande wa pili.

Kama kuna bawa lililokatika, hujamaliza kazi hata ukiweka impela mpya. Hesabu vipande. Mabawa mawili yakipungua, tafuta vipande viwili. Vimekwenda mbele na maji, vimekwama kwenye mdomo wa kipozeo, na vitaziba hapo hata pampu ikiwa mpya. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi: mtu amebadilisha impela mara tatu mwaka mmoja, analaumu spea, kumbe vipande vya ile ya kwanza bado vimo ndani.

Impela mpya ipake glisarini au sabuni ya vyombo. Grisi na oili huvimbisha mpira wa impela nyingi. Iingize huku ukiizungusha kuelekea upande ambao shafti huzungukia. Ukienda dukani, beba ile ya zamani. Upana, urefu na mfereji wa shafti vilingane kabisa, si “karibu sawa”.

Na tafadhali, boti ikiwa juu ya trela, usiwashe kavu eti “nisikie tu mlio”. Mpira bila maji huungua haraka sana.

Hatua ya 7: Kipozeo

Fuata hosi kutoka kwenye pampu. Katika injini nyingi utakutana kwanza na kipozeo kidogo cha oili ya gia, na vipande vya impela hupenda kukwama hapo. Baadaye utafika kwenye kile kikubwa. Fungua vifuniko vya ncha zote mbili. Utakuta mizizi, mchanga, konokono wadogo, mpira. Toa kwa mkono kila kinachotoka, kisha sukuma kijiti au waya wa shaba ndani ya kila mrija ukianzia upande ambao maji hutokea, ili uchafu urudi ulikotoka. Usitumie chuma, shaba hutoboka, na ukitoboa mrija mmoja, kulanti na maji ya ziwa vimeshaoana.

Kitope cha ghuba hii ni laini, kikikauka ndani ya mirija kinakuwa kama udongo wa kufinyangia. Loweka usiku kucha kwa maji yenye siki kidogo, asubuhi kisuuze kwa presha ndogo. Asidi ya betri, ambayo nimeona ikimwagwa humo, inakula shaba.

Ukikuta kipande cha zinki kimefungwa ndani ya kipozeo, jua kiliwekwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Kwenye maji baridi zinki hujifunika ganda na kuacha kazi. Magnesi ndiyo hufanya kazi ziwani.

Hatua ya 8: Kiwiko cha ekzosi

Hapa nilijifunza kwa uchungu. Niliwahi kufungua hedi ya dizeli ya silinda nne kwa sababu ilitoa mvuke mwingi kila ilipopita mizunguko 2,000 kwa dakika, na pampu, chujio na kipozeo nilikuwa nimevisafisha vyote. Gasketi nikaikuta nzima, hedi imenyooka. Siku mbili za kazi. Ndipo nikafungua kiwiko. Tundu ambalo maji huingilia, ambalo lilipaswa kupitisha kidole changu gumba, lilikuwa limebaki na nafasi ya kupita kalamu ya risasi. Kutu na masizi vilikuwa vimeota humo kama mwamba. Nikakwaruza, nikafunga, mvuke ukaisha. Mwenye boti alilipia gasketi ambayo hakuihitaji, na hilo bado linaniuma. Tangu siku hiyo siondoi nati hata moja ya hedi kabla sijachungulia ndani ya kiwiko.

Chomoa hosi ya maji kwenye kiwiko, mulika tochi ndani. Kisha fungua kiwiko chenyewe, tazama pande zote mbili, upande wa maji na upande wa moshi. Kwaruza kwa bisibisi ya zamani. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilicholika kinatoa mlio wa kigae. Kikiwa kimekonda, kibadilishe. Kikitoboka ndani, maji hurudi kwenye silinda, na injini ya kesho ni chuma chakavu.

Viwiko vya ziwani hudumu kuliko vya Mombasa kwa kuwa hatuna chumvi. Hilo ndilo linalotufanya tuvisahau.

Hatua ya 9: Upande wa kulanti

Maji ya ziwa yakiwa mengi nyuma na geji bado inapanda, sasa ndipo uingie ndani. Injini ikiwa baridi, tazama kiwango cha kulanti. Tazama kifuniko: springi na mpira wake vikichoka, presha haishikiki, na kulanti inachemka mapema kuliko inavyostahili. Tazama mkanda wa pampu ya ndani, ubonyeze. Ukilegea, pampu inateleza.

Thamostati, vali inayofungua njia ya kulanti injini ikipata moto, ipime kwenye sufuria. Ining'inize kwa uzi, isiguse chini, na kipimajoto cha kuzamisha kando yake. Namba iliyopigwa kwenye bati lake ndiyo joto la kuanza kufunguka, mathalani 71 au 82. Pasha moto polepole utazame. Ikiwa maji yanatokota na bado imefumba, imekufa. Kwa njia hiyo hiyo unapima kipimajoto chako: maji ya Kisumu yakitokota, kisome 96 hivi. Kikisoma 88, kosa linaweza kuwa la kipimajoto na si la injini.

Usiondoe thamostati ukaendesha bila, ingawa utashauriwa hivyo. Injini haifikii joto lake la kazi, na katika baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato yakaacha hedi bila kupozwa. Ukishajaza kulanti upya, toa hewa kwenye skrubu yake; povu la hewa lililokwama juu ya hedi linachemsha kama kuziba.

Hatua ya 10: Sasa gasketi

Umefika hapa kwa haki. Dalili za kweli ni hizi: kulanti inapungua bila kuvuja popote, mapovu yanatoka mfululizo kwenye tangi la kulanti mara tu unapowasha injini baridi, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, harufu tamu nyuma. Mbili zikikutana, mwite fundi wa hedi.

Kama injini imegoma kuzunguka ghafla, ikafanya “tok” na kusimama, usilazimishe stata. Huenda silinda ina maji, na maji hayabanwi. Utapinda koneksheni rodi, ule mkono unaoshika pistoni. Toa nozeli au plagi kwanza, ndipo uzungushe kwa mkono.

Na jambo linalohusiana na hilo: injini ikikataa kuwaka, usipige stata tena na tena koki ikiwa wazi. Pampu inaendelea kusukuma maji kwenye ekzosi bila moshi wa kuyatoa, mofla inajaa, maji yanarudi ndani ya silinda. Funga koki, tafuta kinachozuia kuwaka, na uifungue mara tu injini inaposhika.

Kwa wenye injini ya kuning'inia

Njia ni ile ile, fupi zaidi. Tazama kijito kinachotoka ubavuni, ambacho sisi tunakiita mkojo. Kikikonda, kwanza ingiza waya laini kwenye tundu lake, kwa kuwa uchafu mdogo huziba mkojo peke yake huku injini ikipozwa vizuri. Kisha safisha nyavu za mguu (sehemu ya injini inayozama majini), pembeni na juu ya propela, kutoa mizizi na uzi wa nyavu za omena. Baadaye impela, ambayo imo ndani ya mguu, na thamostati. Mchanga ndio unaoila zaidi: ukifika ufukweni, inua mguu mapema, usisukume boti kwa injini hadi kwenye tope. Kuijaribu nchi kavu, weka mguu ndani ya pipa, maji yafunike nyavu zote.

Ukikwama

- *Inachemka ikinguruma taratibu, inapoa ukiongeza mafuta.* Impela imechoka, au hewa inaingia.
- *Imetulia taratibu, inachemka kwa kasi.* Kipozeo au kiwiko kimeziba nusu, hosi inajikunja, au propela ni kubwa kuliko nguvu ya injini.
- *Mvuke upo, geji imetulia.* Anza na kiwiko. Maji yanapoza kulanti vya kutosha, ila hayafiki yote kwenye ekzosi.
- *Geji imepanda, mvuke hakuna, maji ni mengi.* Hatua ya 9. Thibitisha pia geji yenyewe kwa kipimajoto. Waya wa sensa uliolegea umewatia watu wengi hofu ya bure.
- *Inachemka ikipita kwenye gugumaji tu.* Chujio na koki. Zunguka lile zulia, usilipasue.
- *Umefanya yote na bado.* Rudia kipimo cha ndoo, usitazame kwa macho tu. Ukimpigia fundi, mpe namba nne: joto la geji, mizunguko, lita kwa dakika nyuma, na hatua uliyofikia.